Daraja Lenye Paa

Nyumba ina paa. Ghala lina paa. Hata banda la kuku lina paa. Lakini je, umewahi kuona daraja lenye paa?

Ninapowauliza watu swali hili, wengi hucheka. Halafu huniuliza, "Paa la nini? Kwani nani analala darajani?" Swali lao ni zuri. Linastahili kujibiwa, maana jibu lake lina mafunzo kwa kila mtu anayejenga kitu na kutaka kidumu.

Mimi ni seremala. Nimefanya kazi ya mbao kwa zaidi ya miaka 40 katika kijiji chetu, huku Nyanda za Juu za Kusini, Tanzania. Nimetengeneza milango, vitanda, madawati ya shule na kenchi za kuezekea nyumba. Nimeshiriki pia kujenga madaraja madogo ya magogo ya kuvukia vijito vyetu.

Mwaka 2014 binti yangu alinialika nikamtembelee Marekani. Yeye ni mwuguzi katika jimbo la New Hampshire, upande wa kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Jimbo la jirani linaitwa Vermont. Huko ndiko nilikoyaona madaraja yenye paa kwa macho yangu, nikazishika mbao zake kwa mikono yangu. Ninayokueleza hapa ni yale niliyoyaona, na yale niliyoyasoma baadaye.

Adui wa mbao

Kwanza tuzungumze juu ya mbao zenyewe. Watu wengi hufikiri kuwa mbao huzeeka kama binadamu. Sivyo. Mbao zikikaa kavu, na mchwa na bungua wasizifikie, zinaweza kudumu miaka 100, hata 200 na zaidi.

Kinachoua mbao ni maji. Mvua ikinyesha, mbao zinalowa. Jua likiwaka, zinapasuka. Mvua ikinyesha tena, maji yanaingia ndani ya nyufa. Humo jua halifiki, kwa hiyo unyevu unabaki. Kuvu inaota. Kuvu hiyo ndiyo inayokula mbao, mpaka zinakuwa laini kama mkate uliolowa. Hivyo ndivyo mbao zinavyooza.

Mahali pabaya zaidi ni kwenye maungio, yaani pale ubao mmoja unapokutana na mwingine. Hapo maji hujificha. Tazama mlango wa zamani. Mara nyingi utaona miimo imeoza chini, pale inapogusa sakafu, wakati sehemu ya juu bado ni nzima.

Sasa fikiri juu ya daraja la mbao. Daraja lina maungio mengi kuliko mlango. Usiku na mchana liko nje. Juu linanyeshewa mvua, na chini linapata unyevu wa mto. Ndiyo maana madaraja yetu ya magogo hayadumu. Miaka michache tu, magogo yameoza, nasi twaenda tena msituni na mashoka.

Paa ni la nani?

Sasa naweza kulijibu lile swali. Paa la daraja halikuwekwa kwa ajili ya watu. Halikuwekwa kwa ajili ya farasi wala mizigo. Liliwekwa kwa ajili ya mbao.

Nguvu ya daraja la namna hii iko katika kuta zake mbili. Ndani ya kila ukuta kuna kenchi kubwa, kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili. Kenchi hizo mbili ndizo zinazobeba sakafu, na sakafu ndiyo inayobeba wapitaji.

Ukitaka kujua kwa nini kenchi ina nguvu, jaribu hivi nyumbani. Chukua vijiti vinne. Viunge kwa misumari kwenye pembe, upate umbo la mraba. Sasa sukuma pembe moja. Mraba utalala upande. Halafu chukua vijiti vitatu, uviunge upate pembetatu. Sukuma tena. Pembetatu haitalala. Haibadiliki umbo mpaka kijiti kivunjike au msumari ung'oke. Kenchi ni pembetatu nyingi zilizoungwa pamoja. Ya nyumba hubeba bati au vigae. Ya daraja hubeba gari na mizigo yake.

Kenchi ya daraja ni kitu cha gharama. Ina mbao nyingi na kazi nyingi. Ikioza, daraja linaanguka. Kwa hiyo wajenzi waliivika nguo. Ubavuni walipigilia mbao nyembamba. Juu waliezeka paa. Mbao za nje zikichakaa hung'olewa, zikawekwa nyingine kwa gharama ndogo. Kenchi iliyo ndani inabaki kavu. Kitu cha bei ndogo kinachakaa ili kitu cha bei kubwa kipone.

Bado kuna watu wanaosema kuwa paa liliwekwa ili farasi wasiogope kuona maji. Huenda farasi walinufaika. Lakini sikiliza jambo hili. Nchi ile ina majira ya baridi kali. Theluji huanguka na kufunika ardhi, theluji kama ile tunayoiona juu ya Mlima Kilimanjaro. Zamani, wakati wa theluji, watu walisafiri kwa magari yasiyo na magurudumu. Magari hayo yaliteleza juu ya theluji, yakikokotwa na farasi. Yalipofika kwenye daraja lenye paa yalikwama, kwa sababu ndani hamkuwa na theluji. Basi ilibidi watu wachukue makoleo, waipakie theluji na kuimwaga ndani ya daraja! Unaona? Paa liliwaongezea watu kazi. Hata hivyo hawakuliondoa. Walijua linalinda nini.

Yalivyoanza

Wamarekani hawakuwa watu wa kwanza kujenga madaraja ya namna hii. Wachina walikuwa nayo tangu kale. Huko Uswisi, katika mji wa Luzern, liko daraja lenye paa lililojengwa katika karne ya 14.

Lakini Marekani ndiko yalikoenea sana katika karne ya 19. Sababu zake ni rahisi kuelewa. Nchi ilikuwa na mito mingi na misitu mikubwa. Chuma kilikuwa ghali. Mbao zilikuwa karibu.

Daraja la kwanza lenye paa linalojulikana vizuri katika nchi hiyo lilijengwa katika mji wa Philadelphia. Lilivuka mto uitwao Schuylkill. Fundi wake mkuu alikuwa Timothy Palmer. Mkuu wa kampuni iliyomiliki daraja alikuwa jaji aliyeitwa Richard Peters. Jaji huyo alitaka daraja lifunikwe. Palmer naye alikubali. Aliona kuwa daraja la mbao likiachwa wazi lingedumu kiasi cha miaka 10 au 12 tu. Daraja lilifunguliwa mwaka 1805, nalo likaitwa Daraja la Kudumu. Lilikuja kuteketea kwa moto mwaka 1875.

Mwaka 1820 mtu mwingine, Ithiel Town, alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake. Alibuni kenchi iliyofanana na wavu wa samaki. Mbao za kawaida zilipishanishwa kwa mshazari, huku na huku, zikaungwa kwa misumari ya mti. Mtindo huo ulipendwa kwa sababu haukuhitaji magogo makubwa. Mbao zilizopasuliwa kwenye kiwanda chochote kidogo zilitosha. Hata mafundi wa vijijini waliweza kuujenga. Town alipata malipo kwa kila futi ya daraja lililojengwa kwa mtindo wake.

Inakadiriwa kuwa zaidi ya madaraja 10,000 yenye paa yalijengwa Marekani. Leo yaliyobaki hayafiki 1,000. Jimbo la Vermont ni dogo, lakini lina zaidi ya 100.

Ndani ya daraja la mwaka 1866

Binti yangu alinipeleka kwanza kwenye daraja kubwa liitwalo Cornish-Windsor. Liko juu ya mto Connecticut. Upande mmoja ni mji mdogo wa Cornish, jimbo la New Hampshire. Upande wa pili ni mji mdogo wa Windsor, jimbo la Vermont.

Daraja hilo lilijengwa mwaka 1866. Mafundi wake walikuwa James Tasker na Bela Fletcher. Kabla yake, madaraja matatu yalijengwa mahali hapo, na yote matatu yalichukuliwa na mafuriko. Hili la nne bado limesimama. Urefu wake ni kama meta 137, yaani linazidi uwanja wa mpira. Katikati ya mto kuna nguzo moja tu.

Juu ya mlango wa daraja niliona kibao. Binti yangu alinisomea. Kibao kinawaamuru wenye farasi wapite mwendo wa kutembea, la sivyo watoe faini ya dola 2. Farasi wakikimbia pamoja, daraja linatikisika na maungio yanalegea. Zamani kila aliyevuka alilipa ushuru. Ushuru huo uliondolewa mwaka 1943. Sasa magari hupita bure.

Ndani ya daraja kulikuwa na kiza kidogo, kama ndani ya ghala. Kulikuwa na harufu ya mbao za zamani. Boriti nene zilipishana ukutani kama wavu mkubwa. Niligonga moja kwa kidole, kama tunavyofanya sisi maseremala tunapotaka kujua kama mti umeoza. Ililia, ko, ko, ko. Boriti ile ilikuwa nzima.

Lakini usidhani kuwa daraja lilikaa lenyewe miaka yote hiyo bila kuguswa. Mwaka 1987 lilikuwa limechoka, likafungwa. Mafundi walilinyoosha, wakaondoa boriti zilizoharibika na kuweka nyingine. Baadhi ya boriti mpya zilitengenezwa kwa mbao zilizogandishwa pamoja kwa gundi, ili ziwe na nguvu zaidi. Lilifunguliwa tena mwaka 1989. Paa hulinda mbao, lakini paa nalo huvuja. Asipokuwepo mtu wa kulitazama paa, paa lenyewe halisaidii kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yaliyoyapunguza madaraja

Sasa labda unauliza, kama paa lina faida hivyo, kwa nini madaraja mengi yametoweka?

Sababu ya kwanza ni mafuriko. Mwezi Novemba 1927 mvua kubwa ilinyesha Vermont. Madaraja 1,285 ya kila aina yalivunjika au kuchukuliwa na maji. Mengi yaliyojengwa baada ya hapo yalikuwa ya chuma au zege.

Sababu ya pili ni moto. Daraja la mbao kavu likishika moto, huwaka kama kuni. Lile daraja la Luzern, Uswisi, liliungua usiku wa tarehe 18 Agosti 1993. Sehemu kubwa iliteketea. Mafundi walilijenga upya, likafunguliwa mwaka 1994. Lakini ndani yake kulikuwa na picha nyingi zilizochorwa katika karne ya 17. Nyingi ziliungua, na hizo hazikuweza kurudi.

Sababu ya tatu ni malori. Madaraja haya yalijengwa kwa ajili ya farasi na magari ya kukokotwa. Lori la leo ni zito, tena ni refu kwenda juu. Liko daraja moja katika mji wa Lyndon, Vermont, ambalo limegongwa na malori mara nyingi. Vibao vipo. Vimeandikwa urefu unaoruhusiwa, kwa tarakimu kubwa. Madereva wale wanajua kusoma, lakini hawakusoma. Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima, usijifunze tabia yao.

Sababu ya nne ni watu wenyewe. Mahali pengi watu walitaka daraja pana na imara kwa ajili ya barabara mpya. Hilo si kosa. Mgonjwa anayepelekwa hospitali anahitaji daraja linalobeba gari la wagonjwa. Mahali pengine waliamua jambo la busara. Walijenga daraja jipya kando, wakaliacha la zamani kwa ajili ya watembea kwa miguu. Lakini mahali pengine waliona la zamani ni takataka tu, wakalibomoa.

Baadaye watu wakaanza kuona hasara. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanzisha mpango wa kusaidia kutunza madaraja ya kale yenye paa.

Siku mto ulipolichukua daraja

Sasa nitakueleza habari ya kijiji kimoja cha Vermont kiitwacho Bartonsville. Hapo palikuwa na daraja lenye paa lililojengwa mwaka 1870 kwa ule mtindo wa wavu wa Ithiel Town. Fundi wake alikuwa Sanford Granger. Lilivuka mto mdogo uitwao Williams.

Tarehe 28 Agosti 2011 kimbunga kilichoitwa Irene, kikiwa kimeshapungua nguvu, kilifika Vermont na mvua kubwa. Mito midogo ikafurika. Huko Bartonsville maji yalikula ardhi iliyoshikilia mwisho wa daraja. Watu walisimama kwenye ukingo wakitazama. Daraja liliinama, likaanguka majini, likaenda na mto. Lilikuwa limedumu miaka 141.

Basi wenyeji walikuwa na jambo la kuamua. Je, wajenge daraja la kawaida la kisasa, wasahau lile la zamani? Au wajenge tena la mbao, lenye paa? Wengi walitaka daraja lao lirudi. Michango ikakusanywa. Mwezi Januari 2013 daraja jipya lilifunguliwa. Ni la mbao. Lina paa. Ni la mtindo uleule wa wavu.

Nilipolitembelea, mbao zake zilikuwa bado changa. Ukutani niliona misumari ya mti, mingi sana, imepigiliwa kila mahali ubao unapokutana na mwenzake. Pale darajani tulimkuta mzee mmoja wa miji ya karibu, naye ni seremala. Binti yangu alitufasiria.

Nilimwuliza, "Mzee mwenzangu, kwa nini watu hawa hawakujenga la zege? Lingewapa matengenezo machache."

Alifikiri kidogo, kisha akajibu. Binti yangu akaniambia, "Baba, anasema hivi: la zege lingemvusha, hana ubishi. Lakini daraja la mbao likiharibika anajua pa kuanzia. Ana msumeno, ana patasi, na mti uko shambani. La zege likipasuka itabidi angoje wataalamu."

Nikamwuliza tena, "Na vijana wako wanajua pa kuanzia?"

Mzee yule alicheka, lakini hakuwa na furaha. Alisema anaye mjukuu mmoja anayependa kazi hiyo. Wengine hawataki.

Nilimwelewa sana. Kwetu pia vijana wengi wanataka kuuza madirisha ya aluminiamu. Karakana yangu iliwahi kuwa na wanafunzi sita kwa wakati mmoja. Mwaka ule niliosafiri alikuwapo mmoja tu.

Mbao zilizorudishwa

Jibu la yule mzee lilinifanya nitafute habari za madaraja haya mahali pengine. Niliporudi nyumbani niliendelea kusoma. Ndipo nilipokutana na habari za China, nami nakusimulia kwa sababu zinalingana na za Bartonsville.

Katika majimbo ya Zhejiang na Fujian, kusini-mashariki ya China, kuna madaraja ya mbao yaliyopinda kama upinde. Boriti husukwa, moja juu na nyingine chini, kama fundi wa vikapu anavyosuka ukili. Boriti moja inaishika nyingine. Juu yake hujengwa nyumba ndefu yenye paa la vigae. Nyumba hiyo inalinda mbao zisinyeshewe. Tena uzito wake unaukandamiza upinde, ukazidi kukaza. Watu hukutana humo, hupumzika, huzungumza na kufanya ibada.

Tarehe 15 Septemba 2016 kimbunga kilichoitwa Meranti kilileta mafuriko katika wilaya ya Taishun, jimbo la Zhejiang. Madaraja matatu ya kale yalichukuliwa siku hiyo. Majina yake ni Xuezhai, Wenzhong na Wenxing.

Boriti zilielea zikaenda mbali. Unajua mwenyewe, mti mzuri ukiletwa na mto ni mali. Mtu angeweza kujengea zizi, au kuupasua kuni. Lakini wenyeji wa bonde lile walizitafuta boriti hizo mtoni na kwenye kingo, wakazitoa kwenye matope, wakazirudisha. Sehemu kubwa ya boriti za madaraja ilipatikana. Mafundi wakaziunganisha tena na mbao mpya, kila moja mahali pake. Mwaka 2017 madaraja yote matatu yalikuwa yamesimama tena.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Nilijiuliza, ni kitu gani kiliyaokoa madaraja yale? Paa halikuyaokoa, maana paa nalo lilianguka. Yaliokolewa na mambo mawili. La kwanza ni watu walioziona mbao zile kuwa si kuni. La pili ni mafundi waliojua kila boriti inakaa wapi.

Fikiri kama mafundi wangekuwa wameshakufa wote bila kuacha wanafunzi. Mbao zote zingerudishwa, zikapangwa uwanjani vizuri, na pasingekuwa na mtu wa kuziunga. Zingeishia kuwa kuni tu.

Kulinda mikono

Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, lililiona jambo hilo mapema. Mwaka 2009 liliweka ufundi wa madaraja haya ya China katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka. Angalia vizuri, ndugu msomaji. Walioorodhesha hawakuandika majina ya madaraja. Waliandika ufundi wa kuyajenga. Ufundi huo hupita kutoka kwa fundi mkuu kwenda kwa mwanafunzi, au kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ulikuwa unatoweka kwa sababu miji ilikua haraka na mbao zilikuwa adimu. Baada ya hapo juhudi zilifanyika. Mwaka 2024 ufundi huo uliondolewa katika orodha ya hatari, ukawekwa katika orodha ya kawaida ya urithi wa watu wote duniani.

Wamarekani nao wana njia nyingine ya kulinda maarifa. Tangu mwaka 1969 wana mpango wa serikali wa kupima kazi za kale za uhandisi, madaraja yakiwamo. Wanapima kila boriti, wanachora, wanapiga picha na kuandika historia. Karatasi hizo huwekwa katika maktaba kubwa ya Bunge lao. Daraja likiungua usiku wa leo, kesho asubuhi vipimo vipo. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisemi tubomoe madaraja yetu ya zege tujenge ya mbao. Barabara ya malori inahitaji daraja la malori. Ninalosema ni hili. Daraja la mbao hudumu kwa vitu vitatu: paa la kuzuia maji, watu wa kulitazama paa, na mikono inayojua kulijenga tena. Vitu viwili vya kwanza vikishindwa, cha tatu kinaweza kuviokoa. Cha tatu kikipotea, viwili vya kwanza haviwezi kukirudisha.

Kwa sababu hiyo nimefanya jambo moja. Nimenunua daftari kubwa. Ndani yake naandika vipimo vya kila kazi ninayoijua: kenchi ya futi 20, mlango wa mbao sita, kihenge cha mahindi kinachosimama juu ya mawe ili mbao zisiguse udongo. Nachora, halafu naandika maelezo kwa maneno mafupi. Mwanafunzi wangu husoma, kisha hujaribu, nami namsahihisha. Sasa wamekuwa watatu, mmoja wao ni msichana.

Wewe pia kuna kazi unayoijua. Labda ni kufinyanga vyungu, kusuka mikeka, kufuga nyuki au kutibu ng'ombe. Huenda uliijua kabla hujajua kusoma, na mikononi mwako ndipo ilipo mpaka leo. Sasa una kalamu. Andika hatua ya kwanza leo, na ya pili kesho. Kisha mtafute kijana mmoja, umwite akae karibu nawe unapofanya kazi. Daftari lina msaada mkubwa, lakini halishiki patasi.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini wajenzi waliweka paa juu ya daraja la mbao?
2. Jaribuni vijiti vinne na vijiti vitatu kama mwandishi alivyoeleza. Mmeona nini?
3. Watu wa Bartonsville walikuwa na uamuzi wa kufanya. Kama ingekuwa kijijini kwenu, ninyi mngechagua daraja gani? Toeni sababu.
4. Kwa nini watu wa Taishun hawakuzichukua boriti zile kuwa mali yao?
5. Tajeni kazi moja ya ufundi kijijini kwenu ambayo mafundi wake wamebaki wachache. Nani anaweza kuifundisha, na nani anaweza kuiandika?